Susu na Chakula cha Gapi

Ningekataa. Rafiki yangu, kama ningerudishiwa alasiri moja tu ya utoto wangu, ningeomba ile ambayo mwalimu wetu wa sayansi alikaa sebuleni kwetu, mtaa wa Jamhuri, Nairobi, kikombe cha chai mkononi, akaniambia nitie kifuniko chenye kufuli juu ya tangi la samaki ili Susu asiwalishe tena. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, na mwalimu yule hakuwa mkali. Nilisema, "Sawa, mwalimu," tena kwa furaha.

Sikuwa nimeyafikiria haya kwa muda mrefu. Siku hizi nakaa Kangemi, na mjini naenda nikiwa na haja tu. Juzi nilikuwa River Road nikitafuta mpira wa bomba, nikaingia duka moja la vifaa vya ujenzi. Huko nyuma, katikati ya mikebe ya rangi na misumari, palikuwa na tangi la kioo lenye taa. Ndani walikuwamo gapi, wale samaki wadogo kama ukucha wa kidole gumba, madume yao wana mikia ya rangi kama vitambaa vya harusi. Kijana wa duka alikuwa anawanyunyizia unga wa mkebe, huku akiongea kwa simu.

"Wanakula nini kingine?" nikamuuliza.

"Ni hii tu, mzee. Asubuhi na jioni, umemaliza."

"Hata mboga hapana?"

Akacheka. "Mboga? Mzee, hii ni samaki, si mbuzi."

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa nimesikia sauti nyingine ikisema neno hilohilo la mbuzi, ila kwa maana iliyo kinyume kabisa.

Tulikaa katika nyumba ya serikali, baba akiwa karani wa ofisi moja mjini. Ilikuwa nyumba ndogo yenye paa la vigae, na nyuma palikuwa na pipa la kukingia maji ya mvua. Maonyesho ya kilimo yalipofika, tulisikia kutoka Jamhuri Park ng'ombe wa watu wakilia na bendi zikipiga, na harufu ya mahindi ya kuchoma ikatufuata mpaka kitandani. Ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi jirani yetu Mhindi, fundi wa saa. Alikuwa na birika la saruji lililojaa gapi, aliowafuga ili wale viluwiluwi wa mbu. Siku moja alinikuta nimelala kifudifudi ukingoni nikiwatazama. Badala ya kunifukuza, akanijazia chupa ya peremende maji na samaki kadhaa, kisha baadaye akanipa tangi kuukuu la kioo lenye fremu ya chuma, lililokuwa likivuja pembeni mpaka baba alipolipaka lami.

"Sikia, kijana," aliniambia. "Tumbo ya samaki ni kama jicho yake. Ona jicho, ndogo hivi. Basi wewe weka chakula ya jicho, si ya ndoo. Na kila siku kitu ingine. Leo nyama, kesho majani. Na Jumatatu hakuna kitu. Jumatatu mama yangu anafunga, samaki pia anafunga. Tumbo inapumzika."

Nilisikia yote, nikashika machache. Nilikuwa nawapa makombo ya mkate kila siku, kwa sababu mkate ulikuwa karibu.

Ndipo Susu alipokuja. Mvua zilikuwa zimekosa kwetu Ukambani, zikakosa tena, na baba hakutaka mamake abaki peke yake na mashimo makavu ya kuchotea maji mtoni. Alimleta pamoja na kiondo cha mbaazi mbichi alizochuma mwisho, na kigoda chake cha miguu mitatu, kwa kuwa hakuamini kwamba Nairobi kuna mahali pa kukaa.

Sasa mfikirie mwanamke ambaye tangu utoto hajawahi kukaa mchana na mikono mitupu, umweke katika nyumba ya mji. Shamba hakuna. Kuni hakuna. Maji yanatoka ukutani. Akishika vyombo avioshe, mama anamkimbilia akimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, wacha, pumzika." Akishika ufagio, baba anamnyang'anya kwa heshima. Walimpenda, na walitaka ajue kwamba amefika mahali pa raha. Alikaa kwenye kigoda mlango wa nyuma, akitazama pipa la maji. Siku moja nilimkuta anang'oa majani yaliyoota katikati ya mawe ya njia, moja moja, polepole, ili yasiishe.

Samaki ndio waliompa kazi. Tangi lilikuwa chumbani tulimolala yeye na mimi. Aliniona nikitia makombo ya mkate, akanikunjia uso.

"Jana uliwapa nini?"

"Mkate, Susu."

"Na juzi?"

"Mkate."

"Hata mbuzi hali kitu kimoja kila siku, mwana wakwa. Mbuzi anaonja hapa, anaonja pale, ndiyo maana manyoya yake yanang'aa. Hawa wako wamepauka kama kuta za hospitali."

Nikamweleza aliyoyasema jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akaenda moja kwa moja kwenye pipa. Kumbe katika kukaa kwake kote mlangoni alikuwa amewaona viluwiluwi wa mbu wakijikunjakunja chini ya maji, asijue wana faida gani. Aliwachota kwa kichungi cha chai (mama alipokuja kujua, kichungi kipya kilinunuliwa siku hiyohiyo). Tulipowatia tangini, gapi waliwarukia kama watoto wanaorukia andazi. Susu alipiga makofi.

Tangu hapo tukawa na jikoni yetu ndogo. Asubuhi kabla ya shule, viluwiluwi. Jioni, kitu kingine. Alichemsha jani la mchicha mpaka likalegea, akalifunga kwa uzi na kokoto ili lizame, na samaki wakalitafuna kingo zake siku nzima. Alichemsha mbaazi, akazimenya ganda moja moja kwa ukucha, akaziponda kwa kidole mpaka zikawa laini kama uji wa mtoto. Omena wakavu, wale dagaa wa ziwani, aliwatwanga kwenye kinu kidogo cha iliki, na chai yetu ikanuka ziwa kwa wiki kadhaa. Kiini cha yai alikipitisha kwenye kitambaa, chembe kama vumbi, tena mara chache, kwa kuwa huchafua maji upesi. Mvua zilipoanza, alinituma nichimbe minyoo karibu na mfereji. Aliikatakata kwa wembe wa baba, na hilo baba hakulijua mpaka leo yuko kaburini.

Rangi ziliwarudia. Madume walikuwa na mikia ya machungwa na buluu, iliyopepea. Susu aliwaita mabwana harusi. "Tazama," aliniambia akiwaonyesha majike, wakubwa zaidi na wa rangi ya maji ya mchele. "Wanaume wamevaa, wanawake wanazaa. Hawa walitoka kwetu kabisa."

Na mikono yake ikiwa kazini, mdomo nao ulifunguka. Hapo ndipo nilipomjua. Akikaa bure alikuwa anajibu ndiyo na hapana tu. Akimenya mbaazi alinisimulia alivyokuwa msichana, alivyomkimbia mchumba wa kwanza, na habari za njaa moja kubwa alipokuwa mdogo, watu walipochemsha ngozi za viti. Alizungumza Kikamba, nami nikajibu kwa Kiswahili, na polepole majibu yangu yakaanza kuwa ya Kikamba pia. Baba alitusikia siku moja akiwa mlangoni, akaondoka taratibu, na mama akaniambia baadaye kwamba alikuwa amefurahi sana.

Kitu kimoja tu hakukikubali, nacho ni ile Jumatatu.

"Mgeni yuko nyumbani mwako, unamnyima chakula?"

"Si kumnyima, Susu. Anafunga."

"Amekuambia anafunga?"

Hata hivyo alivumilia, akigeuza kigoda chake asiwaone. Mpaka Jumatatu ile ambayo jike mmoja alizaa. Gapi hawatagi mayai. Wanazaa watoto walio hai, wadogo kama alama ya koma, na mama akiwaona wakipita mbele yake huwameza. Ndivyo walivyoumbwa. Mimi nilikuwa shuleni. Susu alikuwa peke yake mbele ya kioo, akiangalia.

Niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya chumba, sahani tupu mkononi. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama maziwa. Alikuwa amewatilia ugali, bonge zima la ugali wa mchana, sehemu yake mwenyewe.

"Alikuwa anamla mwanawe," aliniambia. "Nimeona kwa macho yangu haya."

"Susu, hivyo ndivyo walivyo."

"Hakuna mama aliye hivyo! Hiyo ni njaa. Wewe huijui njaa. Mimi naijua, naijua ikifika mpaka hapo."

Kesho yake tulikuta samaki kadhaa wanaelea kiubavu. Aliwatoa mwenyewe kwa kichungi, akawazika chini ya ua, na siku hiyo hakula. Jirani alikuja na ndoo zake akatusaidia kubadilisha maji. Hakumlaumu hata kidogo. "Mama," alimwambia, "wewe fanya sherehe kubwa, wageni nashindwa kumaliza." Susu akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Kisha jirani akaleta majani ya majini kutoka kwenye birika lake, akayatandaza juu ya tangi. "Watoto najificha hapa. Mama haoni, basi haoni. Kwisha maneno."

Dawa ilikuwa hiyo, rafiki yangu, majani tu. Susu alikaa kutwa akiwatafuta watoto ndani ya majani yale, na akimpata mmoja ananiita kama aliyeokota shilingi. Lakini hofu ilikuwa imemwingia. Jumatatu zilizofuata niliona chembe za ugali chini ya kokoto. Nikimuuliza, anasema, "Kidogo tu. Cha jicho." Maji yalikuwa na ukungu asubuhi, lakini samaki hawakufa.

Hapo ndipo shule yetu ilipopewa sehemu ya kibanda kwenye maonyesho ya Jamhuri Park, na mwalimu wa sayansi akachagua mradi wangu. Unajua maana yake kwa mtoto wa darasa la sita? Jina lako kwenye kadi, wazazi wa wenzako wakisimama kutazama kitu chako. Jumamosi moja alikuja kukagua tangi. Susu alimwandalia chai. Mwalimu aliinama, akatazama, akanusa maji.

"Chakula chako ni kizuri sana," alisema. "Cha namna nyingi, kama inavyotakiwa. Lakini ukungu huu unatoka wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na katikati ya maelezo nikamwigiza Susu anavyosema "cha jicho". Mwalimu alitabasamu, akarudi sebuleni kwenye chai yake.

"Sasa, samaki wakilishwa na watu wawili hawana mlishaji. Huyu anadhani yule hajawapa. Ni lazima mtu mmoja. Huu ni mradi wako ama wa nyanya?"

"Wangu, mwalimu."

"Basi tia kifuniko, utie kufuli. Mpaka maonyesho yaishe tu. Wazee ni wazee, hutaweza kumwambia akaacha."

Mwalimu alisema kweli kuhusu samaki. Hata leo siwezi kumpinga kuhusu samaki. Susu alikuwa jikoni, mlango wazi, na mpaka leo sijui alisikia kiasi gani. Na mimi, ambaye ningeweza kusema, "Ngoja kwanza niongee naye," ambaye ndimi peke yangu katika nyumba ile niliyejua kwamba hana kazi nyingine duniani, nilisema, "Sawa, mwalimu."

Nilitengeneza kifuniko kwa mbao za kreti na waya wa kuku. Kufuli niliitoa kwenye sanduku langu la shule. Jioni Susu alikuja na kisahani cha mbaazi zilizomenywa, akasimama.

"Umefunga mlango?"

"Ni mwalimu, Susu. Amesema alishe mtu mmoja tu."

"Na mimi nitafanya kazi gani?"

"Wewe pumzika tu, Susu."

Neno hilo sasa naambiwa mimi. Binti yangu ananiambia nikishika jembe, nikishika kikombe changu nikioshe. Ananiambia kwa upendo. Jioni ile Susu hakukasirika. Ningekuwa na nafuu kama angekasirika. Alisema, "Haya, mwana wakwa," akanipa kisahani mkononi, akaenda kukaa kwenye kigoda.

Siku zilizofuata nilikuwa na shughuli nyingi. Niliwalisha kwa kipimo. Viluwiluwi nilichota mwenyewe, mchicha nilichemsha mwenyewe nikauunguza. Maji yalikuwa safi kama hewa. Chumbani tulilala sisi wawili kama kawaida, ila yeye alikuwa amerudi kwenye ndiyo na hapana. Niliona. Nilijiambia, maonyesho yakiisha nitafungua, na yote yatarudi.

Kabla ya maonyesho, Susu alimwambia baba kwamba anataka kwenda kwake.

"Lakini mvua kule bado, mwaitu," baba alisema. "Utakula nini?"

"Nitakula ninachokula. Hapa nakula na kulala. Hata kuku anadonoa."

Baba alimbembeleza. Mama alilia, akidhani ni yeye amemkosea mama mkwe wake. Walimuuliza kama kuna aliyemuudhi, akasema hakuna. Mimi nilikuwa nimekaa palepale mezani, ninakula. Sikuinua uso. Nilijua, rafiki yangu. Mtoto anajua zaidi ya anavyokubali.

Aliondoka siku ya kwanza ya maonyesho. Baba alimsindikiza mpaka kwenye basi la Kitui, kwetu Ukambani. Mimi nilikuwa kibandani tangu alfajiri, nimevaa soksi zilizopigwa pasi, nikiwaeleza watu kwamba gapi hupewa chakula cha namna mbalimbali, kidogo kidogo, na siku moja kwa wiki hawapewi kitu. Mama mmoja akaniuliza nani alinifundisha kumenya mbaazi vizuri namna ile. Nikamwambia ni mwalimu. Tulipata kadi ya pongezi, na mkuu wa shule aliitundika ofisini kwake.

Kufuli niliitoa jioni ileile. Kuandaa chakula kile chote peke yangu kulinichosha upesi. Kufikia likizo nilikuwa nimerudia makombo ya mkate, na rangi za madume zikaanza kufifia. Jirani alipouza nyumba akahamia Uingereza kwa wanawe, niliwarudisha samaki waliobaki kwenye birika lake, na wenyeji wapya wakalifukia ili wapate mahali pa kuegesha gari. Leo pale petu pamesimama ghorofa. Mapipa ya mvua hayapo, michongoma haipo, na sidhani kama kuna mtoto wa Jamhuri anayejua kwamba kiluwiluwi wa mbu ni chakula cha samaki.

Hayo yote yangepotea tu, kwa kuwa miji ndivyo ilivyo. Siyalilii sana. Ninalolilia ni jingine. Mvua zilinyesha Ukambani, Susu akalima tena, na kila likizo baba aliniuliza kama nitaenda naye kumwona. Nilikuwa na mitihani, nilikuwa na mpira, nilikuwa na aibu. Nilijiambia atakuja Nairobi mwenyewe siku moja. Hakuja tena. Kikamba changu kiliishia pale kilipoishia, na wanangu hawakukipata kabisa. Habari zilipotufikia nilikuwa kidato cha pili, na safari ile ya Kitui ambayo sikuwahi kuifanya kumsalimu, niliifanya kumzika.

Samaki hawakunigharimu kitu. Jibu lile langu kwa mwalimu lilinigharimu nyanya yangu, akiwa bado hai.